Tusimwachishe Mgonjwa Kidonge

Mtu apitaye Shanwe, hapa Mpanda, nyakati za asubuhi hakosi kusikia kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji kikinadi dawa. Dawa ni moja, maradhi ni kumi: kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, pumu, baridi yabisi, miguu kuwaka moto, figo, na yale mambo ya wanaume ambayo muuzaji huyataja mwisho, kwa sauti ya chini kidogo ili yasikike zaidi. Dawa yenyewe huwa ni unga katika kikopo, au maji ya rangi ya chai katika chupa iliyokwisha kutumika. Katika miji mikubwa ya nchi yetu wapo pia wenye vidonge vidogo vyeupe, vitamu mithili ya sukari, ambao husema kwamba wao hawauzi mitishamba bali tiba ya Kizungu iitwayo homiopathi.

Hatuandiki leo ili kuwadhihaki wauzaji hao, wala wanunuzi wao. Anayekunywa kikombe kimoja cha mwarobaini kwa homa ya siku mbili hana ugomvi nasi. Tunayemkusudia ni ndugu yetu mwenye maradhi yasiyoondoka, ambaye hunywa dawa hizo mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na ambaye siku moja huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba sasa hana haja tena ya vidonge vya hospitali.

Sisi wenyewe tulilelewa katika chuo cha Kurani. Tulipougua utotoni tuliandikiwa kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji, tukanywa. Asali na habasoda zilikuwamo kabatini mwa mama kabla ya aspirini kuingia humo. Lakini tunakumbuka jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Maalimu yule aliyetuandikia kombe ndiye aliyemwagiza baba atupeleke zahanati jioni ile ile. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, na hakutuuliza tuchague.

Wala nchi yetu haikumtaka mtu achague. Mwaka 1973, kabla sisi hatujazaliwa, wazee wetu waliketi katika vikundi wakisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Mwaka uliofuata, 1974, kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumzia afya ya msingi, waganga wa jadi walitajwa miongoni mwa watu wanaoweza kushirikishwa. Mwaka 2002 Bunge letu likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, likaunda Baraza na kuwataka waganga wajiandikishe. Kwa hiyo, anayedai kwamba Serikali huwaonea waganga kwa kasumba ya kikoloni hana budi kutafuta hoja nyingine.

Isitoshe, ukuta unaodhaniwa kuwapo kati ya jani na kidonge si mrefu kama wauzaji wa pande zote mbili wanavyotaka tuamini. Kidonge cha metifomini, ambacho wagonjwa wetu wengi wa kisukari humeza kila siku, asili yake ni mmea. Huko Ulaya ulikuwapo mmea ambao watu wa kale waliutumia kwa maradhi mbalimbali, na kondoo walioula kwa wingi walikufa. Wakemia waliutafuta uwezo uliomo ndani yake, wakakuta kwamba unashusha sukari lakini una sumu, wakatengeneza kitu cha jamaa yake kilicho salama zaidi, na mwaka 1957 tabibu wa Ufaransa, Jean Sterne, akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa. Dawa ya malaria tunayoitumia leo nayo imetoka katika mmea wa jamii ya pakanga, na Bibi Tu Youyou wa China alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Tofauti basi haimo katika porini na kiwandani. Imo katika kujua ni kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na ni madhara gani ya kuyaangalia. Maswali hayo manne ndiyo ambayo kipaza sauti cha bajaji hakiyajibu.

Tuyatazame maradhi yenyewe. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Hayo si maradhi ya matajiri wa mjini tena. Na shinikizo la damu lina hila moja kubwa: haliumi. Mgonjwa aweza kulima, kucheka na kuoa hali mishipa yake inachakaa. Mtu wa namna hiyo akinywa unga wowote, hata wa mhogo, atasema kwa unyofu kabisa kwamba anajisikia vizuri, kwa sababu hata kabla ya unga alikuwa akijisikia vizuri.

Baridi yabisi na pumu zina hila ya namna nyingine. Hupanda na kushuka. Mwenye magoti haendi kwa tabibu siku ambayo anatembea vyema. Huenda siku yalipomzidi, naye akishapewa dawa siku hiyo, maumivu yaliyofika kileleni hayana pa kwenda ila kushuka, na dawa ndiyo hupewa sifa. Yakipanda tena baada ya miezi miwili, mgonjwa huambiwa kwamba hakumaliza dozi. Ndivyo kikopo kimoja kinavyozaa vikopo thelathini. Hatusemi kwamba kila muuzaji ni mwongo. Wengi wao hudanganyika kwa njia ile ile inayomdanganya mgonjwa.

Sasa kuhusu homiopathi. Mwanzilishi wake alikuwa tabibu wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza fikra yake mwaka 1796. Alifundisha kwamba kile kinacholeta dalili kwa mtu mzima wa afya kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikitolewa kwa kiasi kidogo mno. Jinsi ya kukipunguza ni hivi: tone moja hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti, hutikiswa, kisha tone moja la mchanganyiko huo hutiwa tena katika matone mengine 99, na kuendelea hivyo, mara nyingi hadi mara 30. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba mwishowe hapatikani hata chembe ya kile kilichotiwa mwanzo. Wenyewe husema kwamba maji hukumbuka. Kwa upande wetu, tungeyaomba maji hayo yakumbuke pia mito yote yaliyopitia. Australia ilikagua utafiti mwingi juu ya tiba hiyo, na mwaka 2015 baraza lake la utafiti wa afya likasema kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao upo ushahidi wa kuaminika kuwa homiopathi inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya Uingereza iliwashauri madaktari waache kuiandika.

Hapa msomaji ataweza kusema: kama hakuna kitu ndani yake, basi haidhuru. Ni kweli, kwa upande mmoja. Kidonge kisicho na kitu hakina sumu. Lakini miti yetu ina kitu, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Mmea unaoshusha sukari kwelikweli, ukinywewa pamoja na kidonge kinachoshusha sukari, waweza kuishusha hadi mtu akapoteza fahamu. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliotumia kwa muda mrefu mitishamba ya kupunguza unene waliharibika figo, kwa sababu ndani yake mliingia mmea wenye sumu isiyoonekana katika kikombe cha kwanza wala cha kumi. Huko Boston, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulikuta kwamba dawa za asili ya Kihindi zilizouzwa madukani, moja katika kila tano, zilikuwa na madini mazito kama risasi na zebaki. Sisi wa Mpanda, ambao mji wetu uliletewa reli na machimbo ya risasi tangu zama za mkoloni, tusingependa madini hayo yaturudie katika kijiko cha chai. Na zipo dunia nzima dawa ziitwazo za miti ambazo zimechanganywa kwa siri na vidonge vya kisasa vya kutuliza uvimbe na maumivu. Mwenye baridi yabisi hupona kwa siku tatu, humsifu mganga, kisha baada ya mwaka uso umevimba, sukari imepanda na mifupa imelegea.

Hata hivyo, madhara makubwa kuliko yote hayamo katika kikopo. Yamo katika kile kinachoachwa. Nani asiyekumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye taifa zima lilimwita Babu, alitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema kinatibu kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani na UKIMWI. Foleni ya magari ilienea kilomita na kilomita. Walikwenda wakulima, walikwenda mawaziri, walikuja watu wa nchi jirani, na wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Dawa ile ilitokana na mti wa mugariga, nao wataalamu walisema kwamba kwa kipimo alichokitoa haikuwa na sumu. Tunasadiki hivyo. Lakini wapo waliorudi makwao wakaziweka kando dawa za kufubaza virusi, ambazo Serikali ilikuwa imeanza kuzitoa bure mwaka 2004, na wapo walioacha insulini. Kikombe hakikuwaua. Imani kwamba kikombe kimetosha ndiyo iliyowaua. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021, na hatuna sababu ya kumsema vibaya marehemu aliyetoza shilingi 500 wakati wengine wanatoza elfu hamsini.

Tuna jirani yetu pale Shanwe, mzee mstaafu, mwenye heshima zake. Alikuwa na kadi ya kliniki ya shinikizo la damu kwa miaka sita. Mwaka mmoja alinunua unga, akaambiwa asichanganye dawa mbili, naye kwa utiifu akaacha vidonge. Alikaa vyema miezi minane, akatusimulia habari ya unga huo barazani, nasi, tukiri, hatukumpinga, kwa kuwa si adabu kumpinga mzee juu ya mwili wake. Asubuhi moja alishindwa kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia.

Tulipomuuliza baadaye kwa nini aliacha kliniki, hakutaja uchawi wala jadi. Alisema kwamba kule alikuwa akiamka alfajiri, akikaa kwenye benchi hadi saa sita, akiulizwa maneno matatu, na mara nyingine akiambiwa vidonge vimekwisha akanunue dukani. Muuza unga alimpa kigoda, akamwuliza watoto wake hujambo, akamsikiliza nusu saa. Jibu hilo lilitufedhehesha kuliko hotuba yoyote, kwa sababu sisi tulio katika vikao vya kata ndio wenye wajibu wa kuuliza kwa nini vidonge vinakwisha. Tumekuwa wepesi wa kulaumu ujinga wa wananchi na wazito wa kuhesabu makopo kwenye rafu ya zahanati. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imetungwa mwaka 2023, nayo ni jambo jema, lakini bima ni karatasi ikiwa nyuma ya dirisha hamna dawa.

Kwa hiyo twasema hivi kwa waganga wa tiba asili na tiba mbadala walioandikishwa: mwambieni mgonjwa aje na kadi yake ya kliniki, na yeyote atakayemwambia aache insulini, dawa ya presha, ya kifafa au ya kufubaza virusi, Baraza limfutie kibali mara moja. Kwa wauguzi na madaktari twasema: mwulizeni mgonjwa anakunywa nini kingine, na mkimwuliza msimkaripie, kwani mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hataeleza tena, na mficha maradhi kilio humfichua. Na kwa viongozi wenzetu wa mitaa na kata: kila kikao kisomewe orodha ya dawa za maradhi ya kudumu zilizokosekana mwezi uliopita, na jina la aliyepaswa kuziagiza.

Mzee wetu sasa anatembea kwa mkongojo. Kikopo cha unga hakukitupa. Kipo dirishani, na kadi ya kliniki imefungwa pamoja nacho kwa uzi wa mpira. Mara ya mwisho tulipopita kwake alikuwa amevaa kanzu mapema, anamsubiri mjukuu amshike mkono waende kliniki, akatuomba tumwulizie kama safari hii vidonge vipo.