Mawazo Si Fikra

Kuna mstari mmoja umejaa kwa simu zetu siku hizi: "Wewe si mawazo yako." Unasemwa polepole, na mtu aliyekunja miguu kwenye mkeka, filimbi ikilia nyuma yake. Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza na sentensi inayofuata: "Kwa hivyo acha kufikiri."

Zii. Hayo ni mambo mawili, na Kiswahili kinayajua. Ukiambiwa fulani "ana mawazo" siku hizi, hudhani anaandika kitabu cha falsafa. Unaelewa kwamba kodi imechelewa, Fuliza imejaa, na usingizi hauji. Mawazo hayo hujizungusha usiku kucha bila kufika popote. Kufikiri ni kukaa chini, kupiga hesabu, kuuliza jambo limetoka wapi na linaelekea wapi.

Mafundisho ya umoja, yale yanayosema kwamba wewe na ulimwengu si vitu viwili, yalijengwa na watu waliofikiri mpaka jasho likawatoka. Shankara, huko India karne ya 8, aliandika fafanuzi nzito za Upanishad na kuwajibu wapinzani wake hoja kwa hoja. Njia ya Advaita Vedanta ina hatua tatu: kuyasikia mafundisho, kuyapima kwa hoja mpaka shaka ziishe, kisha kuzama ndani yake. Walimu wetu wa video za dakika moja wameiruka ya pili.

Mfano wao mkuu ni kamba inayodhaniwa nyoka gizani. Sisi tuna ndugu yake: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa niambie, nani atamtoa hofu huyo? Anayemwambia asifikiri, ama anayemletea taa aangalie vizuri?

Ndiyo, fikra ina mpaka. Kutaja maji hakukati kiu. Unaweza kumsoma Nagarjuna wote na bado ukamtukana konda kwa sababu ya shilingi kumi. Ramana Maharshi, aliyefariki 1950, alifundisha swali "Mimi ni nani?" na akalifananisha na fimbo ya kuchochea moto wa kuchomea maiti: mwishowe fimbo yenyewe huungua. Lakini sikia vizuri, ni mwishowe. Wewe unaambiwa uitupe kabla moto haujashika.

Na nani anafaidika ukiitupa? Uliza mbona mafungo ya wikendi moja yanakula mshahara wa mwezi, utaambiwa hiyo ni akili yako inapinga. Siste akisema mwalimu alimshika vibaya, ataambiwa hakuna mtenda wala mtendwa. Nagarjuna alishaziba mwanya huo kitambo: kuna ukweli wa kila siku na ukweli wa juu kabisa, na huu wa juu haufundishiki bila kuutegemea ule wa kila siku. Katika ukweli wa kila siku, mkono una mwenyewe, na kituo cha polisi kina kitabu cha OB.

Sisi Wakenya hatuna ruhusa ya kucheza na hili. Mahubiri ya Shakahola yalikuwa mengine kabisa, hayahusiani na Advaita. Lakini miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa kule kuanzia 2023 inatosha kutufundisha bei ya imani isiyotaka kuulizwa.

Kwa hivyo kaa kimya dakika ishirini asubuhi. Yaache mawazo yapite kama matatu za Thika Road. Si lazima upande kila moja. Lakini ukiinuka kwenye mkeka, fikiri. Na mwalimu akikuambia swali lako ni udanganyifu tu, muulize kama ile M-Pesa uliyomtumia pia ni udanganyifu. Akisema ndiyo, airudishe.