Samadi na Kahawa ya Kilimanjaro
Naafiki kwamba kilimo na ufugaji ndiyo nguzo ya nchi, ila naona ni dhuluma kuvitenga viwili hivi. Katika vihamba vya Wachagga wa Kilimanjaro, yaani mashamba yaliyozunguka nyumba zao, ng'ombe afungwaye bandani, akilishwa vigogo vya migomba na majani ambayo akina mama, kwa mashaka makubwa, huyapandisha kutoka tambarare, huirudishia ardhi samadi inayonawirisha migomba na mibuni, hata wakulima wale wakadiriki kuunda chama chao mwaka 1925, kisha ushirika wa KNCU (Kilimanjaro Native Cooperative Union) mwaka 1933, uliouza kahawa yao na kuiletea nchi fedha za kigeni. Basi mkulima wa namna hii asihesabiwe fakiri wa kuhurumiwa, bali apewe barabara, mganga wa mifugo na bei ya insafu.