Sebule ya Mgeni Asiyekuja

Nina ugomvi na sebule zetu, nami nitaanza na ya kwangu ili nisionekane nimekuja kuwasuta majirani.

Nilipojenga hapa Picha ya Ndege, Kibaha, fedha ziliniishia kabla nyumba haijakamilika. Hata hivyo nilipata za kununulia seti ya makochi kutoka Keko, meza ya kioo, kabati la vyombo na mapazia ya kufika sakafuni. Makochi tuliyaacha na nailoni yake ya dukani, na juu ya nailoni vikatandikwa vitambaa vya kufuma. Kabatini zikapangwa sahani za maua ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Watoto wakaonywa kwamba sebuleni hapachezwi. Na jiko je? Jiko lilikuwa kibanda cha mabati chakavu nyuma ya nyumba, hakina dirisha hata moja, na moshi wa kuni ulitokea mlango uleule alioingilia mpishi.

Siku moja mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Maneromango, upande wa Kisarawe. Nikamkaribisha kwenye kochi kubwa. Akakaa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Haukupita muda akainuka, akaenda kutandika mkeka uani chini ya mwembe, karibu na mkwewe aliyekuwa akipuliza moto huku akikohoa. Nilipomfuata aliniuliza, "Mwanangu, nyumba hii umemjengea nani?"

Nikamjibu kwamba nimeijengea familia yangu.

"Basi mbona familia yako iko nje?" akasema. "Na hicho kikohozi cha mwenzio hukisikii?"

Nilikuwa nakisikia kila siku. Nilikwisha kukizoea, kama tunavyozoea ngurumo za malori ya Barabara ya Morogoro.

Ndugu msomaji, hebu pita katika nyumba za mtaani kwako uone kama mimi ni peke yangu. Chumba kilicho bora kuliko vyote kimefungwa, kinamngoja mgeni ambaye pengine atakuja Idi au Krismasi. Wenye nyumba wamebanana ukumbini na uani. Chumba anamofanya kazi mama tangu alfajiri mpaka usiku ndicho kinachojengwa mwisho, kwa masalio ya matofali na mabati. Huko si kupamba nyumba. Ni kuwapamba wageni na kuwasahau wenyeji.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ndiyo mila zetu, kwani Mswahili humheshimu mgeni. La hasha! Mila hazisemi hivyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa tangu karne ya 18, mgeni alipokelewa kwanza barazani, penye daka. Vile vidaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambavyo watu husafiri kutoka mbali kuvitazama, havikuwekwa mbele. Viliwekwa ndani kabisa, katika chumba cha wanawake na watoto. Zilikuwa nyumba za matajiri waliomiliki watumwa, na sitamani turudi huko. Lakini walijua kwamba pambo ni la anayeishi nalo. Hata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Haina chumba cha kufungia makochi. Mgeni hukaa barazani, akapewa maji, akapewa habari, na jirani anayepita akajiunga.

Tena jambo hili si la urembo tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wanaokaa karibu na moto. Hapa Tanzania, Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema. Lakini hakuna mkakati utakaoingia nyumbani kwangu kunieleza kwa nini nilikuwa na meza ya kioo nisiwe na mtungi wa gesi.

Atakayesema kwamba hana uwezo, nitamwelewa. Maneno yangu si kwa asiye na kitu. Ni kwa sisi wenye uwezo wa kununua makochi, kisha tunasema jiko litajengwa Mungu akijalia. Dirisha mbili zinazotazamana hupitisha moshi na joto. Meza ya kimo cha mpishi humwepusha kuinama siku nzima. Taa jikoni, rafu ya vyombo, na bomba lililo karibu si anasa kuliko pazia.

Mimi niliuza meza ya kioo na kochi moja, nikaongeza kidogo. Jiko likapata madirisha, sakafu ya saruji na jiko la gesi la plati mbili. Nailoni tukaitoa, na watoto wakaruhusiwa kukaa. Wamekwisha kumwaga chai mara kadhaa, na kochi lina madoa. Kikohozi cha mama watoto hakikukoma siku hiyo hiyo, ila usiku sasa analala. Sahani za maua tunalia wali siku za Jumapili. Mbili zimevunjika, wala hakuna aliyekufa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nasema, ukishaingia ndani usiishie sebuleni. Fika mpaka jikoni, umtazame anayekupikia, ndipo uniambie kama nyumba yako ni nzuri.