Uso Wangu Haukurogwa

Wacha niseme hii kitu mara moja, na mwenye atakasirika akasirike. Uso wangu haukurogwa. Haukuzabwa kofi na jini. Haukuingiwa na upepo wa boda. Neva moja ilivimba, basi. Na siku zenye zilikuwa za kuiokoa hiyo neva, sisi tulizimaliza tukitafuta mchawi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwetu Saboti, ile saa baridi ya Mlima Elgon bado imekalia boma. Nilikuwa nje napiga mswaki. Nikajaza maji mdomoni nisukutue, yakamwagika yenyewe upande wa kushoto. Nikajaribu tena, yakamwagika tena. Dadangu mdogo alikuwa anawasha jiko. Akaniangalia akasema, “Brathe, acha kufanya hiyo sura.” Nikamwambia sifanyi sura yoyote. Akaacha jiko, akakimbia kumwita mathe.

Kwa kioo nikaona mtu simjui. Nyusi ya kushoto haipandi. Jicho la kushoto halifungi hata nikilikaza vipi. Mdomo wote umevutwa kulia. Pikipiki ikipita barabarani, mlio wake unanichoma sikio. Na mimi kazi yangu ni video, wasee. Uso ndio jembe langu.

Sasa hesabuni nami hizo siku. Jumatatu, maombi. Watu walikuja, wakaniwekea mikono kichwani mpaka usiku. Jumanne, mjomba akaleta mzee wa dawa, akanichanja shavu kwa wembe na kunipaka unga mweusi. Jumatano, swali likabadilika. Ikawa si “ana nini?” tena, ikawa “ni nani?” Mtu akakumbuka kwamba jirani yetu mmoja, kukhu mjane mwenye huniuzia mboga, aliniambia wiki iliyopita mbele ya watu, “Mjukuu wangu, huo uso wako utakufikisha mbali.” Alikuwa ananibariki. Kufikia jioni, hiyo baraka ilikuwa imegeuzwa laana. Alhamisi nikapelekwa kwa kemisti, nikauziwa dawa ya maumivu ya jino. Ijumaa ndio nilifika hospitali mjini Kitale.

Afisa wa kliniki hakuniuliza ni nani. Aliniambia niinue nyusi zote mbili, nifunge macho, nioneshe meno, ninyooshe mikono yote miwili mbele. Halafu akauliza, “Ilianza lini?” Nikasema Jumatatu. Akanyamaza kidogo. “Ungekuja hiyo Jumatatu.”

Inaitwa palsi ya Bell. Jina limetoka kwa Charles Bell, daktari wa upasuaji Mskoti mwenye alieleza kazi ya neva ya uso mwaka wa 1821. Lakini al-Razi, tabibu wa Uajemi, alikuwa ameshaandika kuhusu nyuso zilizopooza karibu miaka 900 kabla yake. Kwa hivyo usiniambie ni ugonjwa mpya wenye umeletwa na dhambi za vijana wa sai.

Kila upande wa uso una neva yake. Inatoka kwenye ubongo, inapitia mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, halafu inatawanyika kwenye paji, jicho, shavu na mdomo. Ikivimba ndani ya huo mfereji, haina pa kwenda. Mfupa haupanuki. Neva inabanwa, na misuli inakosa amri. Kwa nini inavimba, madaktari wanashuku sana virusi vya jamii ya vile huleta vidonda vya mdomo, vyenye hulala mwilini miaka kisha vikaamka. Jirani muuza mboga haingii popote hapo.

Na si kitu adimu. Kila mwaka hupata watu kati ya 20 na 30 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 990,000 Trans Nzoia. Piga hesabu kwa kiwango hicho: ni kama watu 200 hadi 300 kila mwaka kwa kaunti yetu pekee. Swali langu ni moja: hao wote wana kukhu wa kuwaroga?

Sasa sikiliza kuhusu zile siku. Kuna dawa inaitwa prednisoloni, ya kupunguza uvimbe. Inafaa ianze ndani ya saa 72. Skotlandi walifanya utafiti kwa wagonjwa 551, ukachapishwa 2007. Baada ya miezi tisa, karibu 94 kati ya kila 100 waliopewa hiyo dawa mapema walikuwa wamepona kabisa. Wenye hawakupewa, karibu 82. Hiyo tofauti ya watu 12 ndiyo mimi nauliza. Saa 72 ni siku tatu. Zangu ziliitwa maombi, wembe na umbea.

Najua mtasema nini. “Lakini mtoto wa fulani alipelekwa kwa mzee wa dawa na akapona.” Ndio, alipona. Wengi hupona. Hata bila dawa yoyote, karibu watu saba kwa kila kumi uso hurudi wenyewe. Na hapo ndipo ujanja ulipo. Mzee wa dawa anachukua sifa ya kazi yenye mwili ulifanya. Wale saba wanakuwa ushuhuda wake. Wale watatu wenye hawaponi vizuri wanaambiwa imani yao ilikuwa ndogo, ama mchawi wao ana nguvu zaidi, warudi na kuku mwingine. Yeye hapotezi kamwe. Unaweza kuiita tiba kitu chenye hakiwezi kukosea?

Sipingi maombi. Mathe akiniombea nasema amina. Lakini omba ukiwa kwa matatu ya kwenda Kitale. Mungu hajasema anasikia tu mtu akiwa amekaa nyumbani.

Mko na mambo ya kuchekesha pia. Juni 2022 Justin Bieber alitoa video akionesha nusu ya uso wake haisongi. Yake ilikuwa ugonjwa wa Ramsay Hunt, virusi vya tetekuwanga vikishambulia hiyo neva. Akaahirisha maonyesho, akasema anafanya mazoezi ya uso. Hapa kwetu wasee walimtumia maombi na mioyo, mpaka jina la ugonjwa wakalikariri. Mimi nilipotokea stejini na uso uleule, kuna msee alinirekodi akicheka. Mzungu akipooza uso ni mgonjwa. Jirani yako akipooza, amerogwa ama ni kichekesho. Jiangalieni.

Tukitoka kwa mchawi, kuna kosa la pili, na hili si la kijijini. Nilipewa vidonge, nikaambiwa “itarudi,” nikaenda nyumbani. Hakuna mwenye alitaja fizio. Ukisema fizio hapa, watu wanaona mchezaji wa mpira na goti lake, ama mzee wa kiharusi na fimbo yake. Uso nao ni misuli, jamani.

Basi nikajifanyia udaktari wa simu. Video zikaniambia nitafune chingamu siku nzima, nipulize baluni, nikunje uso kwa nguvu zote. Mwingine alikuwa anauza kamashine ka kupiga shavu umeme. Kwa mashine sikufika, nilikosa pesa, shukrani kwa umaskini. Lakini baluni nilipuliza mpaka shavu la kulia, lile zima, likawa ndilo linafanya kazi yote.

Mwezi wa nne uso ulikuwa umerudi nusu, lakini umerudi vibaya. Nikitabasamu, jicho la kushoto linajifunga. Nikila ugali, hilo jicho linatoa machozi. Dadangu alidhani nalia kwa sababu ya mboga. Ndipo mtu akanielekeza kwa mtaalamu wa fizio katika hospitali ya umma, na huyo dada akanieleza kitu chenye ningeambiwa siku ya kwanza.

Neva iliyoumia hukua tena polepole, kama milimita moja kwa siku. Na inaweza kupotea njia. Uzi wenye ulikuwa wa mdomo unaishia kwa jicho. Wenye ulikuwa wa mate unaishia kwa machozi. Madaktari wanayaita machozi ya mamba. Ukikunja uso wote kwa nguvu kila siku, unaifundisha misuli kuvutana pamoja. Nilikuwa nafanyia mazoezi kasoro yangu.

Kazi yenyewe haifanani na video. Unakaa mbele ya kioo, nyumba imenyamaza. Unapapasa shavu taratibu kulilegeza. Halafu unainua kona ya mdomo kidogo tu, milimita chache, huku unaangalia jicho lisijifunge. Likianza kujifunga, unaacha, unapumzika, unaanza tena kwa udogo zaidi. Upande mzima unauzuia usitawale. Dakika kumi, mara mbili kwa siku, miezi. Hakuna mtu ataweka hiyo kwa video juu hakuna chenye kinaonekana.

Na sitawadanganya ati fizio ni miujiza, ndio nisifanane na mzee wa wembe. Tathmini ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2011 ilisema ushahidi wenye nguvu bado haujatosha. Dalili nzuri iko kwa mazoezi yaliyopangiwa mtu mmoja mmoja, hasa kwa wenye walipooza kiasi na wenye shida yao imekaa muda mrefu. Mashine za umeme hazikuonesha faida. Hiyo ndiyo tofauti: mtaalamu wangu aliniambia kile hajui. Mzee wa dawa anajua kila kitu.

Mimi sai nafunga jicho nikilala. Kutabasamu bado ni nusu na robo. Tunaendelea.

Lakini kuna haki yetu hapa. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Sheria ya wataalamu wa fizio ilipitishwa 2014, kuna baraza linalowasajili na kuwapa leseni, na vyuo vya KMTC vinawafunza. Watu wapo. Mbona mtu wa Saboti apande boda, kisha matatu, mpaka mjini kila wiki, kwa ajili ya kazi ya kioo na kiti? Mazoezi ya miezi yanauliwa na nauli, si na uvivu. Niliona wagonjwa wakianza na mimi, na kufikia ziara ya tatu nimebaki peke yangu. Wakija kuomba kura wakiahidi jengo, waulizeni: fizio atakuja kituo chetu siku gani ya wiki? Hata iwe siku moja. Na kila mtu anayetoa vidonge vya uso, aandike na barua ya fizio papo hapo, asingoje mwezi wa nne.

Kwa sasa, shikeni haya. Uso ukianguka ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi palsi ya Bell hupooza hata paji la uso, na kiharusi huliacha paji lisonge, kisha huja na mkono dhaifu au ulimi mzito. Lakini usijipime kwa kioo cha chumbani, acha wakupime. Wakitaka kukupima sukari ama virusi vya ukimwi, kubali, maana vyote vinaweza kuhusika. Linda jicho: matone mchana, na usiku lifunge kwa plasta ya hospitali, juu jicho lisilofungika linaweza kukwaruzika na kuharibika. Uliza fizio, na uliza leseni yake. Weka baluni chini.

Na msitaje jina la mtu. Kenya tuna Sheria ya Uchawi ya tangu 1925, na humo kumshtaki mtu kuwa mchawi ni kosa. Lakini sheria haimrudishii mtu jina lake.

Yule kukhu hakuja tena kwetu. Aliacha kupitia njia yetu na kapu lake. Miezi yote nikijitazama kwa kioo, boma letu halikuwa limemwendea. Jumapili iliyopita nilienda mimi. Nilimpata anachambua sutsa mlangoni. Nikamwambia, “Kukhu, tulikukosea.” Hakunijibu hilo. Alinitazama uso mara moja, akauliza, “Jicho linafunga?” Nikalifunga, akaona. Akasogeza kapu nikakaa. Mathe bado hajaenda, na mimi sijamaliza kumwambia.

Uso wa msee ukianguka karibu na wewe, usiulize ni nani. Uliza ilianza lini, halafu mtafutie nauli.