Mbuzi Hana Kosa

Kila Idi ya Mfunguo Tatu hapa Maskati tunayasikia maneno yale yale. Paja limeungua upande mmoja, mbavu zimekauka kama ukuni, na kuku aliyewekwa pembeni bado mbichi mfupani, mbele ya wageni. Hapo lawama zinaanza. Bucha katuuzia mbuzi mzee. Kuni zilikuwa na unyevu. Watoto wamefunguafungua mfuniko. Wengine, wakikosa wa kumlaumu, husema ndiyo bahati ya siku hiyo. Sisi tunasema bahati haimo. Kosa ni la mwenye pipa, ambaye hajui joto limekaa wapi ndani ya pipa lake.

Mapipa haya ya chuma ya kuivishia nyama kwa moshi tunayaona sasa katika nyua za Seeb, Al Khoudh na Mawaleh. Ni vyombo vizuri, hatuyapingi. Tunachopinga ni imani watu waliyonayo katika ile saa ndogo iliyobandikwa kwenye mfuniko. Sindano inaonyesha digrii 120, bwana anarudi barazani kwenye kahawa yake na halwa. Lakini 120 hiyo ni ya pale juu sindano ilipo. Nyama iko chini, juu ya wavu, na baina ya sehemu mbili hizo tofauti ya digrii 20 au 30 ni jambo la kawaida kabisa.

Hewa ya moto hupanda, kisha huifuata njia ya dohani. Sehemu iliyo jirani na kijumba cha moto hupata hewa hiyo ikiwa kali, na juu ya hayo huchomwa na chuma chenyewe kilichopata moto. Upande wa mbali hupata kilichobaki. Minofu mikubwa iliyotoka kwenye friji hupoza hewa iliyo karibu nayo. Na jua letu je? Idi Kubwa ya 2023, ya 2024 na ya 2025 zote ziliangukia Juni. Pipa jeusi lililoachwa juani mwezi huo lina moto wa pili ambao hakuna aliyeuwasha, tena upande mmoja tu.

Halafu kuna ule mtego unaowashinda wengi. Nyama ikifika digrii 65 au 70 ndani, inaweza kusimama hapo kwa saa nyingi, kwa sababu maji yanayotoka na kukauka juu yake yanaipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Bwana hajui, anaingiwa na wasiwasi, anaongeza kuni. Upande wa moto unakuwa mkaa, upande wa pili haujabadilika.

Wapo wazee wanaotucheka. Shuwa, wanasema, haina kipimajoto, na inaiva tangu enzi za mababu. Kweli, lakini shuwa si kubahatisha. Shimo huwashwa moto mkubwa mpaka kuta na mawe yanywe joto, na makaa tu ndiyo yabaki. Nyama yenye viungo, iliyofungwa kwa majani ya mgomba na kutiwa ndani ya makanda ya makuti, hushushwa, shimo likafunikwa na kuzibwa kwa udongo. Hewa ikikatika, makaa hufifia. Kinachoivisha kwa siku nzima, au mbili, ni joto lililohifadhiwa ardhini, linalotoka kila upande polepole, na majani hayo hayaachi maji kupotea. Ndiyo maana watu hulizunguka shimo wakitazama kama pana moshi unaopenya. Tundu dogo tu, makaa yakapata pumzi, na asubuhi mnafukua majivu.

Sasa mbona hatukuelezwa hivyo? Tulipokuwa wadogo tuliambiwa, "Tia udongo pale," tukatia. Ukiuliza kwa nini, unafukuzwa. Elimu ikabaki mikononi mwa wachache, na wachache hao wanatutoka mmoja mmoja. Leo kijana anajifunza moto kutoka kwenye video za watu wa Texas, ambako pipa limewekwa kwenye hali ya hewa nyingine, na sisi tunamcheka.

Na akina mama ndio hawakuulizwa kabisa. Bibi zetu wa Unguja waliopika mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini walijua kuwa ukizidisha ya chini mkate unaungua kabla uso haujashika. Waliyapunguza, wakayasogeza makaa ukingoni mwa kifuniko, wakaigeuza sufuria robo mzunguko. Hiyo ndiyo elimu ya pipa, ilikuwemo jikoni mwetu, na wanaume wakaenda kuitafuta dukani.

Basi kabla ya Idi ijayo, nunueni boflo moja iliyokatwa. Washeni pipa lenu kwa moto wa kutosha, litulie, kisha tandazeni slesi wavu mzima na mfunike bila kuchungulia. Baadaye fungueni mtazame ipi imekuwa nyeusi, ipi ya dhahabu, ipi bado nyeupe. Picha hiyo ichoreni kwenye karatasi. Paja la mbuzi likae penye dhahabu, na kuku asiwekwe penye weupe. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama kinapatikana kwa rial chache. Kuku achomekwe pale paja linapoungana na mwili, bila kugusa mfupa, na asiguswe na mtoto yeyote kabla hajafika digrii 74.