Kanisa la Kiambishi "Li"

Ukitaka kujua kanisa linamruhusu mtu aseme nini, sikiliza viambishi vya wakati. Nilikuwa mlevi. Nilikuwa mzinzi. Niliwahi kwenda kwa mganga. Nilikuwa nampiga mke wangu, Bwana asifiwe! Watu wanaitikia amina, vigelegele vinapigwa, mpiga kinanda anagusa nota mbili tatu. Sasa hebu badilisha kiambishi tu. Simama Jumapili ijayo, shika maikrofoni, useme: ninalewa. Jana nimelewa, na nikitoka hapa sina hakika kama nitapita pale konani bila kuingia. Utasikia feni zikizunguka.

Makanisa yetu hayakosi watu wa kuungama. Yamejaa. Kinachokosekana ni mahali pa kuungama jambo ambalo bado halijaisha. Tunampokea mwenye dhambi kwa sharti moja ambalo hatulisemi, kwamba awe ameshaacha. Kisha tunajisifu kwamba tunapokea watu bila masharti, na tunabandika maneno hayo kwenye bango la getini.

Shuleni tulifundishwa tanzu za fasihi simulizi: ngano, hekaya, visasili, vitendawili. Sikumbuki mwalimu aliyetaja ushuhuda, na ni utanzu ambao Mtanzania wa kawaida huenda anausikia mara nyingi kuliko ngano yoyote. Una muundo wake, na muundo haubadiliki. Giza kwanza, tena giza lenye maelezo mazuri, maana hapo ndipo wasikilizaji wanaposogea mbele kwenye viti. Kisha usiku mmoja, au mkutano mmoja wa injili, au ndoto. Kisha nuru. Msimuliaji akishafika kwenye nuru haruhusiwi kurudi nyuma, hadithi imefungwa. Kwa ngano ya sungura hakuna shida, sungura haendi nyumbani kuishi baada ya hadithi kwisha. Mtu anakwenda.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alitoa ushuhuda wake katika usharika mmoja wa mlimani, Kilimanjaro, miaka ile viroba bado vinauzwa kwenye kila genge. (Vilipigwa marufuku Machi 2017. Yeye aliwahi kuacha kabla ya serikali, na alikuwa anatutania kwa hilo.) Alikuwa msimuliaji hodari kuliko mimi ninayelipwa kwa kuandika. Alieleza jinsi alivyokuwa anaficha viroba kwenye soksi, jinsi alivyouza baiskeli ya mtoto wake. Watu walicheka, wakalia, wakatoa sadaka ya shukrani. Mwezi uliofuata alialikwa mtaa wa jirani, kisha mtaa mwingine, kisha semina ya vijana. Nilimsindikiza mara mbili. Ile ya pili niligundua baiskeli imekuwa mbili.

Alikaa mwaka na miezi kadhaa. Halafu akarudi kunywa, na hapo ndipo nilipoelewa ule utanzu umemfanyia nini. Mlevi ambaye hajawahi kushuhudia anaweza kuja kanisani hata kesho. Ni kondoo aliyepotea, tunamwimbia. Mlevi aliyeshashuhudia anakuja kama nani? Nilimwambia nenda kwa mchungaji, kaa naye, mweleze. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mdogo wangu, nitamwambia nini? Ushuhuda nimeshautoa." Akaanza kuchelewa ibada, kisha akawa anahudhuria makanisa ya mbali asikojulikana, kisha basi.

Sasa, si kwamba historia yetu haina kitu kingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijengwa juu ya kusema ukweli wa wiki hii. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi; wote wawili wakaona wana njaa ileile. Kutoka hapo ulikua mtindo wa ndugu kukaa pamoja na kile walichokiita kutembea nuruni. Hawakusimulia tu wokovu wa zamani. Mtu alisema nimemchukia mwenzangu juzi, na mwenzake yuko hapohapo. Waliokuwa wameiba walirudisha mali kwa wenyewe. Wamisionari nao walijikuta wakiungama mbele ya Waafrika dharau waliyokuwa nayo, jambo ambalo katika ukoloni halikuwa dogo.

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia Mukono, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa. Na tusiwapake hao ndugu rangi ya malaika: wengi waliona aibu, na kwa haki, siri za nyumba zilipoanikwa mbele ya watu, na baada ya muda hata kuungama kukawa kipimo, asiyeungama kwa namna yao haonekani ameokoka. Yaani dawa nayo ikapata kutu. Lakini msingi ulikuwa sahihi, kwamba mtu anaingia kwenye kikundi akiwa amechafuka leo, na kikundi hakishtuki. Tulichorithi sisi ni nyimbo zao na salamu zao. Ile leo tumeiacha.

Badala yake tuna "kurudi kundini". Wasomaji waliokulia Kilutheri wanajua ninachosema, na madhehebu mengine yana jina lao kwa jambo hilohilo. Binti wa kwaya anapata mimba. Anavuliwa joho, anasitishwa kushiriki chakula cha Bwana, na baada ya kujifungua anaitwa mbele ya usharika kutubu ndipo arudishwe. Katika utoto wangu niliwaona wasichana kadhaa wakisimama pale mbele na kanga mabegani. Mwanamume nilimwona mmoja. Hesabu ya mimba, kama biolojia haijabadilika, ilipaswa kutoa namba sawa. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaotetea utaratibu huu eti ni shule ya ukweli. Kwani ni ukweli gani huo unaompata tu mwenye tumbo? Msichana hakusema kitu. Mwili ndio ulimsemea. Wenzake kwenye kwaya walijifunza somo lililowafaa, nalo halikuwa usafi wa moyo.

Euphrase Kezilahabi aliliona hili zaidi ya miaka 50 iliyopita. Rosa Mistika, iliyotoka 1971, ilizuiwa kwanza kusomwa shuleni kisha ikarudi ikawa kitabu cha mitihani, na bado tunaidunisha kwa swali la "nani alaumiwe". Jina lenyewe ni moja ya majina ya Bikira Maria kwenye litania ya Wakatoliki, na Kezilahabi hakulichagua ili lipendeze. Rosa analelewa mahali ambapo msichana ama ni safi kabisa ama si kitu, chini ya baba mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Hapati mtu hata mmoja, si nyumbani, si chuoni, wa kumwambia: nimeanguka, naendelea kuanguka. Mchumba anapogundua yaliyopita, uchumba unavunjika, na Rosa anajiua. Kisha mwandishi anafanya jambo ambalo mimi hulisoma kama tusi kwetu sote: anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wabishane huko. Maongezi yao ya wazi yanabidi yasubiri wote wawili wafe.

Upande wa pili wa mpaka, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshalishika jambo hilohilo katika A Grain of Wheat ya 1967. Wanakijiji wa Thabai wanataka Mugo ahutubie siku ya uhuru kwa sababu wameamua ni shujaa. Anaposimama na kusema yeye ndiye aliyemsaliti Kihika, umati hauna la kufanya naye. Walikuja kusikiliza ushujaa. Nikisoma ukurasa ule huwa naliona kanisa la utoto wangu, hasa ile kimya.

Mahali ninapoona kiambishi "na" kikiheshimiwa ni pa ajabu kidogo. Mwaka 1935, Akron, Ohio, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianzisha Alcoholics Anonymous. Wote walikuwa wamepitia kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, na huko ndiko walikojifunza kuungama mmoja kwa mwingine. Lakini waliongeza kitu. Mtu anayesimama kwenye mikutano yao anasema jina lake na kwamba ni mlevi. Ni. Hata kama hajagusa glasi kwa miaka 20. Kwa hiyo akirudi kunywa leo, kesho akija sentensi yake ni ileile. Hakuna ushuhuda uliovunjika. Nchini Marekani mikutano hiyo mara nyingi hukaa kwenye vyumba vya chini vya makanisa. Juu wakati uliopita, chini wakati uliopo, jengo moja.

Na hapa kwetu yupo Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, aliyetangaza mwaka 1992 kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi. Anatajwa kuwa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika kufanya hivyo hadharani, wakati mimbari nyingi ziliuita ugonjwa ule adhabu. Fikiria ugumu wake kisarufi: virusi haviungamwi kwa "li". Hakuna "nilikuwa navyo, Bwana asifiwe". Ilibidi kanisa limtazame mtu aliyevaa kola ya kikasisi akisema "ninavyo", na kesho aendelee kuwa navyo, na bado awape watu mkate na divai.

Najua jibu linalokuja. Unataka tubariki dhambi. Unataka ulevi upigiwe makofi. Hapana, nataka mlevi apate kiti. Kumpokea mtu si kukubaliana na kila anachofanya. Mama zetu wanalijua hili bila semina. Wala sizungumzii mchungaji anayewanyanyasa watoto, ambaye naye tunamficha kwa jina la neema; huyo ni wa polisi, na kumficha ni uongo uleule kwa koti lingine. Wala sisemi kila mtu apande madhabahuni Jumapili aanike nyumba yake. Umbea wa usharika naujua. Watatu sebuleni wanatosha, mradi wasishtuke.

Wengine watanipa maandiko. Sawa, tusome kama wasomaji wa fasihi. Katika Luka 15 yule kijana, akiwa bado na nguruwe, anaandaa hotuba ya toba, na msimulizi anatupa hotuba nzima. Anapofika nyumbani anaianza, lakini sehemu ya mwisho, ile ya kuomba afanywe kama kibarua, haitoki mdomoni. Baba ameshaanza kuagiza vazi. Na alikuwa ameshamkimbilia na kumbusu kabla ya neno la kwanza. Hakusubiri kuona kama kijana ataacha anasa kwa miezi sita. Katika Warumi 7 Paulo anasema anatenda lile analolichukia, na anaandika kwa wakati uliopo. Wanatheolojia wamebishana karne nyingi kama anajisema yeye mwenyewe. Huwa nashangaa juhudi hiyo yote ya kumrudisha Paulo kwenye "li".

Kaka alikufa mwaka juzi. Ini. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa ukoo, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, usiku, kwenye meza ya chakula, mama mkubwa amekaa kando yangu. Niliandika shule alizosoma. Niliandika kwamba alimpokea Bwana Yesu na kuwa shuhuda hodari katika mitaa mingi. Niliandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mama mkubwa akasema, "Hapo pazuri, mwanangu, paache hapo." Nikapaacha. Kazini naweza kugombana na mhariri siku nzima kwa neno moja lisilo kweli.

Ilisomwa chini ya turubai mbele ya watu mia nne hivi, wengi wakijua. Baada ya kuzika, nikiwa nanawa mikono nyuma ya nyumba, mzee mmoja wa kanisa akanifuata. Mtu wa heshima, mkusanya sadaka wa miaka mingi. Akasifia uandishi. Akasimama. Akaangalia migomba, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli ilikuwa ini, nikamwambia ndiyo, mzee. Akatikisa kichwa. "Hata mimi, mwanangu," akasema. "Mpaka sasa. Nyumbani hawajui."

Nikamwambia tutazidi kuombeana, mzee, nikaenda kutafuta gari langu.