MAONI: Kijana, jifunze kusoma mwanga kabla ya kukopa pesa za kamera

Kuna uongo unaowatafuna vijana wengi wanaotaka kujipatia riziki kwa kupiga picha: kwamba ukishanunua kamera kubwa, kazi imekwisha. Kijana anachukua pesa za chama, anaongezea mkopo wa simu, anainingʼiniza kamera shingoni. Wikendi hiyo anapewa harusi. Wiki inayofuata bibi harusi hashiki simu zake, kwa sababu gauni limetoka safi lakini uso umezama gizani hadi macho hayaonekani. Deni nalo liko palepale.

Kamera haina makosa hapo. Makosa ni ya imani tunazopokezana mtaani bila kuzipima.

Ya kwanza ni kwamba kamera ghali ndiyo hutoa picha nzuri. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza utotoni na Box Brownie. Hiyo ilikuwa boksi lenye lenzi ya kawaida na kitufe, karibu hakuna cha kurekebisha. Ilimbidi atumie jicho, miguu na subira.

Ya pili ni megapikseli. Muuzaji atakuambia 48 ni bora kuliko 12, nawe unatoa pesa. Hebu piga hesabu. Picha ya inchi 8 kwa 10, ikichapishwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta 2,400 kwa 3,000. Hiyo ni megapikseli 7 na kidogo tu. Na wateja wako wengi wataitazama WhatsApp, ambako inabanwa tena.

Ya tatu ni kwamba usipotumia herufi M wewe si mpiga picha. Hiyo ni mbwembwe tu, bana. Kuna mambo matatu ya kuelewa: tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO. Tundu likiwa f/2.8 liko wazi sana, mwanga mwingi unaingia na mandhari ya nyuma yanafifia. Likiwa f/16 ni dogo, na karibu kila kitu kinaonekana wazi. Shata ya 1/1000 inamgandisha mchezaji akiruka, ya 1/15 itatikisika mkononi. ISO 100 ni safi, 6400 inakusaidia gizani lakini inaleta chembechembe.

Anza na kanuni moja ya zamani. Jua likiwaka bila mawingu, weka f/16, ISO 100 na shata 1/125. Ukipandisha shata hadi 1/250, mwanga umepungua nusu, kwa hivyo fungua tundu hadi f/11 ili uurudishe. Ukiishika hiyo, umeshika nusu ya kazi. Baada ya hapo tumia A au Av ukipenda, uchague tundu na kamera ikuchagulie shata. Hakuna atakayekucheka.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba kamera inajua yenyewe sura ya mtu inavyopaswa kuonekana. Haijui. Kipima mwanga chake kinadhani kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, inapunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi unapotea. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani kwa miaka mingi Kodak ilitoa kadi za kusawazisha rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa Shirley. Sisi hatukuwa kwenye hesabu.

Kwa hivyo pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Tumia kitufe cha +/- kuongeza au kupunguza. Msogeze mtu kivulini au karibu na dirisha badala ya kumsimamisha kwenye jua la saa sita mchana. Kumpiga mtu mweusi picha akaonekana alivyo ni heshima, na heshima hiyo haiuzwi dukani.

Ya tano: "nitarekebisha kwenye kompyuta." Picha iliyotikisika haitulii kwa kuhaririwa. Sehemu iliyoungua kwa mwanga ikawa nyeupe pe haina kitu cha kurudisha. Kisha kuna wale wanaojaribu kuokoa uso uliozama kwa kuupausha, shosho akageuka rangi ya chapati. Familia inalipa, lakini haimtambui mtu wao.

Sisemi vifaa havina maana. Ukitaka kupiga flamingo wa Ziwa Nakuru kutoka mbali, unahitaji lenzi ndefu. Kanisa lenye giza linataka lenzi inayofunguka sana. Lakini utajuaje unachohitaji kabla hujajua kinachokukwamisha? Anayekopa bila kujua hilo ananunua anachoambiwa na muuzaji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chukua simu uliyo nayo. Nyingi zina sehemu ya Pro inayokuruhusu kubadilisha ISO na shata, hata kama tundu halibadiliki. Kwa wiki moja mpige rafiki yuleyule picha asubuhi, mchana na jioni, ndani na nje, huku ukiandika namba ulizotumia. Kisha mwombe mpiga picha wa mtaani kwenu umbebee mikoba harusi mbili tatu. Ukishaona simu imefika mwisho wa uwezo wake, na unaweza kueleza ni wapi, hapo nenda kanunue kamera.

Harusi hairudiwi kwa sababu mpiga picha alikosea, wala matanga. Anayekuita siku hiyo hajali kamera yako ni ya aina gani. Anataka akifungua zile picha miaka kumi baadaye, awaone watu wake.